Mrundo wa Twiga

Twiga walifika mikononi mwa Nasambu wakiwa na mikwaruzo ya tezo mwili mzima, wengine hawajatiwa hata macho. Matheka na wachongaji wenzake waliwakata nyuma ya banda, wakawarusha upande wa wanawake. Nao wanawake walikaa juu ya magunia, miguu wameinyoosha, wakawasugua kwa msasa mpaka shingo zikawa laini kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Kisha twiga alipakwa polishi ya viatu, nyeusi hapa, kahawia pale, ili jakaranda iliyokatwa kando ya barabara ionekane mpingo. Akishakauka alipelekwa kwenye mrundo karibu na mlango, na hapo kazi ya Nasambu ilikwisha. Twiga alikoenda baada ya hapo, yeye aliambiwa tu: Pwani, kwa watalii.

Banda lilikuwa Gikomba, upande wa mtoni. Nasambu alikaa Shauri Moyo, katika chumba kimoja cha nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji. Mumewe, Bwire, alikuwa kibarua wa Industrial Area, mtu wa kuamka kila siku kwenda kusimama getini, akichaguliwa ni heri, asipochaguliwa anarudi na kulaumu viatu vyake. Kwa hiyo unga wa nyumba ile ulitoka kwenye msasa wa Nasambu, na msasa wa Nasambu ulitoka kwa watu ambao hakuwahi kuzungumza nao. Aliwahi kuwaona mara moja tu, mjini, ndani ya gari lililofunguka paa, wamevaa kofia za duara kama sufuria.

"Hao ndio wanaokulisha," Asenath alimwambia siku ile. "Wasalimie basi!"

Nasambu akawapungia mkono. Nao wakampungia, mmoja akampiga picha. Asenath alicheka mpaka akashika mti.

Huyu Asenath ndiye aliyemtafutia kazi. Wote wawili walitoka Bungoma, kanisa lao lilikuwa moja, kitambaa chao cha akina mama kilikuwa rangi moja. Nasambu alipofiwa na kitinda mimba wake, ni Asenath aliyelala naye sakafuni siku zote za matanga, akamlisha uji kwa kijiko. Pale bandani Asenath alikuwa msimamizi. Wenzake walilipwa lori likija kuchukua mzigo. Yeye alilipwa mshahara wa mwezi, lori lije lisije, mradi banda linafanya kazi. Hakuna aliyemwonea kijicho. Msimamizi ni msimamizi.

Na wasichana wao, Clare wa Nasambu na Nabalayo wa Asenath, walikuwa darasa la nane pamoja, dawati moja.

Mwaka huo wa tisini na saba redio ya Matheka ilikuwa ikisema kila mara kwamba utalii ni uti wa mgongo wa uchumi, kwamba unaleta fedha za kigeni.

"Fedha za kigeni ni gani hizo?" Syombua aliuliza. Alikuwa mdogo kuliko wote, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Ni zile zinazopita hapa zikikimbia," Matheka akajibu bila kuinua macho. "Wewe shika vumbi lake."

Wakacheka, lakini ilikuwa kweli kwamba hata vumbi lile lilitosha watu wengi. Kulikuwa na wauza magogo, na mahamali wa mikokoteni waliopeleka mzigo kwenye lori. Mama Benta aliuza githeri mlangoni na sufuria yake ilirudi nyumbani imekwanguliwa. Hata yule mwanamume aliyeuza miguu na vichwa vya kuku jioni pale Shauri Moyo alivitoa kwenye hoteli kubwa za mjini. Wageni wakila mapaja, watoto wa Shauri Moyo walinyonya miguu.

Likizo ya Agosti, Clare na Nabalayo waliletwa bandani kusaidia. Clare alionyesha mkono mwepesi ambao haukuwa umeonekana pale. Masikio na macho ya twiga, pale ambapo msasa wa mtu mzima huvunja, yeye aliyapitia kama anayemnawisha mtoto mchanga. Matheka mwenyewe aliwaita mafundi waje waone.

Nasambu alijua kitu ambacho Clare alikuwa akikitafuta. Kule Kamukunji wanakogonga mabati, Clare alikuwa ameshachagua sanduku la kwendea sekondari, la buluu, lenye maua mekundu kwenye kifuniko. Kila walipopita alilipiga kwa kidole lilie. "Mama, hili likichukuliwa na mtu mwingine nitalia," alisema. Mwalimu wake alikuwa amesema mtoto huyu shule ya bweni ataitwa, asipoitwa ni mwalimu hajui kufundisha.

Katikati ya Agosti hiyo redio ikatangaza vita vya Likoni, huko Pwani. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, wengi wakakimbilia kanisani. Wanawake waliweka twiga chini wakasikiliza.

"Sasa watalii watakuja kweli?" Nasambu aliuliza.

"Wazungu husikiliza redio yetu?" Asenath akasema. "Wao wanapenda jua, na jua halijachomwa. Sugueni, mama zangu."

Shule zilipofunguliwa Septemba, Clare alirudi darasani kwa juma la kwanza tu. Jumamosi yake Asenath alikuja nyumbani kwa Nasambu, akakaa kwenye kitanda kama alivyozoea, akapewa chai.

"Mama Clare, kuna oda ya Krismasi," alisema. "Kubwa. Mwenye banda anataka mikono, na hasa ule mkono wa mtoto wako."

"Mtoto ana mtihani Novemba, dada."

"Si ameshaandikishwa? Jina lake haliwezi kufutwa. Mambo ya kufundishwa yamekwisha, wanachofanya sasa ni kurudia yale yale. Atarudia hapa jioni. Ama unataka apite, aitwe bweni, halafu akose sanduku? Godoro? Utampeleka na karatasi ya nailoni?"

"Na Nabalayo?"

"Nabalayo kifua kimekataa vumbi. Anakohoa usiku kucha. Nimeona afadhali akae huko shule kuliko kukaa nyumbani peke yake, wasichana wa umri huu unawajua." Asenath alimshika mkono. "Mimi nikuambie jambo la kukuumiza, Nasambu? Mimi?"

Bwire aliposikia alisema, "Kama ni Asenath amesema, sawa." Na kweli, hilo ndilo Nasambu mwenyewe alilokuwa akijiambia.

Clare hakubisha siku ile. Aliikunja sare yake, akaiweka chini ya mto. Lakini juma la pili alisema, "Mama, Naba hakohoi. Nimekutana naye bombani. Anafunzwa hata Jumamosi."

"Kifua si kitu cha kuona kwa macho," Nasambu alimkaripia. "Na usianze kuwachunguza watu waliokubeba ukiwa mtoto."

Basi wakasugua. Septemba ikaisha, mvua ikaanza Oktoba, ile mvua ya ajabu iliyoitwa El Nino, na lori halikuja. Mrundo wa mlangoni ulipanda. Mwanzo ulikuwa wa kufika magotini, ukafika kiunoni, ukafika mahali ambapo wapakaji polishi walilazimika kusimama juu ya ndoo ili waweke twiga wa juu kabisa. Na hapo, mama mwenzangu unayesoma, usiwacheke wanawake wale kwa yale waliyofikiri. Wengi wao walilelewa mahali ambapo mrundo ni furaha. Kwao mahindi yakirundikana uani mpaka kuku wanapanda juu, hiyo nyumba imebarikiwa, hata majirani huja kusalimia. Kwa hiyo kila mrundo ulipoongezeka, walifurahi. Syombua aliuchezea kila asubuhi akiingia. Nasambu aliutazama akaliona sanduku la buluu, godoro, na viatu vyeusi vya kufunga kamba. Hakuna aliyejiuliza kwa nini vitu vya kuuzwa vimekaa.

"Lori linangoja mzigo ujae," Asenath alisema walipouliza. "Litakuja mara moja lichukue wote."

Matheka peke yake alikuwa na shaka. Siku moja alichukua twiga wa chini, akamnusa, akaonyesha ukungu mweupe uliomwota tumboni. Asenath akamjibu kwamba asugue tena, ukungu hautozwi kodi. Wakacheka. Lakini Mama Benta alikuwa ameanza kurudi na githeri nusu sufuria, na yule mwanamume wa miguu ya kuku hakuonekana tena Shauri Moyo.

Ikafika Jumapili ya kuwaombea watahiniwa. Kanisani kwao ni desturi. Watoto wa darasa la nane huja na sare zao, huitwa mbele, wakainua kalamu na rula, na kanisa zima likanyoosha mikono juu yao. Nasambu alipiga pasi sare ya Clare mwenyewe. Ilikuwa imebana mabegani.

Kabla ya watoto, mchungaji aliwaita wageni wasimame wasalimie kanisa. Hiyo nayo ni desturi, na mgeni hasemi tu jina lake akakaa, hutoa na neno la shukrani. Alisimama mwanamume mwembamba mwenye shati jeupe la hotelini ambalo beji yake ilikuwa imebanduliwa, ikabaki alama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Naitwa Shiundu. Mimi ni mdogo wake Mama Nabalayo, mnamjua. Nilikuwa weita Pwani, miaka mingi. Namshukuru Mungu niko hai, kwa sababu wakati wa vita nililala chini ya meza za hoteli. Wageni walipandishwa ndege, wengine hata hawakumaliza chakula. Hoteli yetu ikafungwa, wafanyakazi tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa. Hatujaitwa mpaka leo." Alipangusa uso. "Nilipita hapa mwanzo wa Septemba nikienda Bungoma, nikamwambia dada yangu ukweli. Nikamwambia, dada, hakuna mtalii. Twiga wenu wamejaa vumbi kwenye maduka yaliyofungwa, msitume wengine. Na ninamshukuru Mungu kwa dada mwenye masikio. Alinisikia. Kesho yake tu alimrudisha mtoto wake shule, akaniambia, Shiundu, kama twiga wamekufa, huyu asome. Leo mtoto anaombewa. Bwana asifiwe sana."

Kanisa likasema amina. Ilikuwa amina nzuri, ya watu wengi ambao hawakujua lolote. Lakini kwenye benchi la akina mama wa banda, Syombua aligeuka taratibu akamtazama Nasambu. Mwingine akageuka, na mwingine.

Nasambu hakusikia mchungaji akiwaita watoto. Alikuwa akihesabu siku moyoni, kurudi nyuma. Mwanzo wa Septemba. Ile Jumamosi ya chai. Kumbe Asenath alipokuja kukaa kwenye kitanda chake alikuwa ameshaambiwa.

"Mama," Clare alinong'ona. "Wanatuita."

"Nenda."

"Sina kalamu."

Wenzake walikuwa wameshasimama mbele, kalamu juu. Nabalayo alikuwa na mbili. Akatazama nyuma, akatoka kwenye mstari, akatembea mpaka kwenye benchi lao mbele ya kanisa zima, akampa Clare moja, akamvuta kwa mkono. Wakaenda pamoja. Clare alipoinua kalamu ile, Nasambu aliona vidole vya mtoto wake kutoka pale alipokaa, ncha zimechubuka, polishi imeingia kwenye kucha na haitoki hata kwa sabuni ya kufulia.

Asenath alikuwa safu ya mbele. Shingo yake haikugeuka hata kidogo.

Nasambu alimngoja nje kwenye matope.

"Mama Nabalayo."

"Si hapa, Nasambu. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Ulijua."

Asenath alifunga kitambaa chake upya ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri. "Nilisikia. Kusikia si kujua. Nilifikiri wangerudi Krismasi."

"Ulifikiri watarudi, halafu ukamrudisha wako darasani na kumtoa wangu?"

"Ningewaambia, mngefanya nini? Mngetawanyika siku hiyo hiyo. Mwenye banda angefunga. Mimi mume sina, ule mshahara ndio karo ya Nabalayo."

"Kwa hiyo karo ya Nabalayo ni Clare."

"Usiongee hivyo."

"Ulikunywa chai yangu. Ulikaa kwenye kitanda changu, ukanishika mkono ukaniuliza kama wewe unaweza kuniambia jambo la kuniumiza."

Asenath alianza kulia, na hilo ndilo lililomuudhi Nasambu kuliko maneno yote. Machozi yale aliyajua. Ni yale yale yaliyomlilia mtoto wake aliyekufa, na sasa hakujua tena kama hata yale ya matanga yalikuwa ya kweli. "Na wewe ni mama," Asenath alisema. "Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekuambia hata kwa kukonyeza. Hata kwa kukonyeza tu, Asenath."

Kesho yake asubuhi Nasambu alimpeleka Clare shule mwenyewe. Mwalimu mkuu alifungua mdomo kuwakemea, akaona vidole vya mtoto, akaufunga. Siku zilizobaki kabla ya mtihani zilikuwa chache za kuaibisha. Clare alisoma akila, akasoma akitembea, akamwamsha baba yake amshikie kitabu cha maswali. Mtihani aliufanya kwa kalamu ya Nabalayo.

Matokeo yalipotoka Nabalayo aliitwa shule ya bweni. Clare hakuitwa popote. Hesabu alizokosa, mwalimu alisema, karibu zote ni zile zilizofundishwa Septemba na Oktoba. "Hakukuwa na kurudia, mama," alisema kwa upole. "Mambo mapya yanafundishwa mpaka mwisho. Nani alikuambia yamekwisha?"

Banda lilifungwa kabla ya Krismasi. Mwenye banda aliwaambia wanawake wachukue twiga badala ya malipo, kila mmoja kadiri anavyoweza kubeba. Nasambu alirudi Shauri Moyo amewabeba kwenye gunia kama kuni. Akawapanga mbele ya mlango auze. Majirani walisimama wakasifu masikio.

"Sasa Mama Clare, huyu nimpike ama nimlishe?" jirani mmoja aliuliza, na watu wakacheka. Hakuna aliyenunua. Ndipo Nasambu alipoona vizuri kitu walichokuwa wakitengeneza miaka yote: kitu ambacho hakuna mtu mmoja wa kutoka Gikomba mpaka Dandora aliyekihitaji. Kila sufuria, kila kodi, kila daftari la shule vilikuwa vimening'inia kwenye hamu ya mtu asiyewajua, na mtu huyo alipopanda ndege hakuwaaga, kwa maana hakujua wapo. Nasambu hakumchukia. Mtalii hakumdanganya. Hakuwahi kukaa kwenye kitanda chake.

Mafuta ya taa yalipokosekana walipika kwa twiga. Walishika moto vizuri, lakini polishi ilitoa moshi mweusi na ugali ukanuka viatu. Bwire aliumega akaula hivyo hivyo. Clare alikuwa akiwachagua wa kutia motoni, na Nasambu aliona kwamba anaanza na wale aliowasugua macho yeye mwenyewe.

Januari Clare aliingia tena darasa la nane, na watoto aliokuwa akiwatuma maji. Siku Nabalayo alipoondoka, Clare alimsaidia kubeba sanduku mpaka kituoni, mmoja mkono huu, mwingine ule. Lilikuwa la kijani. Lile la buluu lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine, na Clare hakulia kama alivyosema atalia.

Halafu mchana mmoja, kabla ya Pasaka, hodi ikapigwa. Alikuwa Asenath. Amekonda, viatu vimeisha upande mmoja. Hakukaa kwenye kitanda, alisimama pale pale mlangoni. Clare alikuwa mezani na kitabu chake, kwa kuwa shule ziliwaruhusu mapema siku hiyo.

"Mulembe, Mama Clare."

"Mulembe."

"Nimekuja na habari njema. Kuna mtu amefungua banda jingine, Pumwani. Anasema ndege zinaanza kurudi, wageni wa Pasaka. Anataka wasuguaji." Alitazama mezani, akaondoa macho haraka. "Aliuliza kama kuna yule msichana wa masikio. Ni wakati wa likizo tu. Safari hii ni kweli, Nasambu. Naapa."

Nasambu alikuwa na unga wa jioni ile tu. Alilijua hilo, na Asenath pia alilijua, maana mkebe ulikuwa wazi mezani.

"Nabalayo yuko wapi?" Nasambu aliuliza.

"Yuko shule."

"Likizo atakuja kusugua?"

Asenath aliinama akaangalia viatu vyake.

"Basi na Clare yuko shule. Mwambie huyo mtu mikono iliyopo ni hii yangu, na inataka kulipwa jioni kwa jioni, si lori. Mrundo sisugui tena."

Asenath aliitikia kwa kichwa, akaaga, akaondoka akikwepa madimbwi. Nasambu alisimama mlangoni mpaka alipopinda kona. Ndani yake alisikia kitu kama kushinda. Akageuka ili mtoto wake auone ushindi ule.

Clare hakuwa ameinua kichwa. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari ule ule.

"Mama," alisema. "Kama angekuja mtu mwingine, si yeye, ungekataa?"

Nasambu aliufunga mlango. Akatazama mkebe wa unga, akaufunika, akavuta kigoda karibu na meza akakaa. Jibu alikuwa nalo, lakini halikuwa lile alilotaka mtoto alisikie, na uongo ulikuwa umeshatosha nyumba ile.

"Soma," alisema. "Soma kwa sauti, nikusikie."

Clare alimtazama. Kisha akasogeza kitabu upande wake, akaanza kusoma, polepole, kama mtu anayemjaribu mwenzake kama kweli anasikiliza.